Paka wa Mtaani: Jinsi ya Kuwahudumia Bila Kuwazidisha

Anayemwaga vichwa vya samaki mlangoni kila jioni kwa huruma, mwaka ukizunguka huwa na paka wengi kuliko wale aliowaonea huruma. Paka jike huweza kupata mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Hubeba kwa siku 63 hadi 65, huzaa watoto watatu hadi watano, na huweza kutaka dume tena kabla hao hawajaacha ziwa. Katika nchi za baridi, siku fupi za kipupwe humpumzisha. Kwetu pwani, mchana na usiku havipishani sana mwaka mzima, basi naye hana msimu wa kupumzika.

Kwa hiyo nasema mapema: kulisha na kuhasi, yaani kuwanasa kwa mtego, kuwapeleka kwa daktari wafungwe uzazi, madume na majike, na kuwarudisha kwao, ni kazi moja. Kama uwezo wako unatosha jambo moja tu, anza na kuhasi, maana paka wa mjini hakosi kabisa cha kuokota. Mwongozo huu nimewaandikia hasa watu wa Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, ambako nyumba zimebanana na mabaki ya samaki hayaishi. Msomaji wa Nairobi au Dodoma atabadilisha chambo tu.

Kwanza, mjue unayeshughulika naye

Mtaani wanachanganyika paka wa namna tatu. Yuko mwenye kwao anayezurura, na yuko aliyetupwa au kupotea, ambaye aliwahi kuzoea watu. Wa tatu ni paka shume, aliyezaliwa nje na hajawahi kuguswa na mkono wa mtu. Wengi huliweka jina hilo kwa dume zee lenye mashavu mapana. Hapa nitalitumia kwa jike pia.

Watazame kwa mbali. Aliyezoea watu hutembea mchana, mkia umesimama wima, hukutazama usoni na hulia akitaka kitu. Shume hujikunyata, hupita ubavuni mwa ukuta, hamlilii mtu, na huonekana zaidi baada ya Magharibi na kabla ya Alfajiri. Usimpime kwa uchafu wa manyoya. Mara nyingi shume ni msafi kwa sababu anajua kuishi nje, na yule mchafu, mwembamba na mwenye vidonda ndiye aliyetupwa juzi.

Paka akiwa ndani ya mtego hukumu hizi hazina maana. Hata paka wa sebuleni hutoa kucha na kufoka akifungiwa. Mpe siku moja au mbili mahali tulivu ndipo uamue kama anaweza kupata nyumba.

Shume mkubwa usijaribu kumfuga. Dirisha la kumzoesha mtoto wa paka kwa watu hufunguka akiwa na wiki mbili na huanza kujifunga akifika wiki ya saba au ya nane. Ukimfungia chumbani mtu mzima aliyelikosa, anaishi kwa hofu, na wewe unaishi na harufu ya mkojo. Kwao ni pale kichochoroni.

Ukikaa karibu na msitu kuna pia paka pori, ambaye wengine humwita kimburu: miguu mirefu, nyuma ya masikio pana wekundu, mkiani pana pete nyeusi. Huyo ni mnyamapori. Usimtege.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Kwa wiki mbili hivi, pita saa zilezile na daftari au simu. Piga picha, andika rangi, jinsia ukiweza kuitambua, mjamzito au anayenyonyesha, kilema, na kama ncha ya sikio imekatwa, ambayo ni alama ya aliyekwisha kuhasiwa. Mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu kila mara ni jike, na hilo hukusaidia kupanga nani atangulie. Dume asiyehasiwa utamjua kwa mashavu, makovu na harufu.

Hapo utagundua pia nani mwingine anawalisha. Hakuna mtaa wa pwani usio na bibi mmoja anayetoka na sahani kila siku bila kumwambia mtu. Mtafute, umsalimie, ukae barazani kwake. Anajua paka gani alizaa lini na alificha wapi, na paka wanamwamini yeye, si wewe. Bila yeye utatega usiku kucha na paka wote wameshiba.

Zungumza na mtaa

Majirani wenye hasira huwa na sababu: kelele za usiku, mkojo mlangoni, watoto wa paka wanaofia juu ya dari. Usianze kwa kuwahubiria. Waambie kwamba karibu mambo yote hayo hutoka kwa madume yanayopigana na majike yanayotaka dume, na kwamba yakihasiwa hupungua sana.

Kuna atakayependekeza sumu, au kuwatia guniani na kuwatupa soko la mbali. Mjibu kwa hesabu. Palipo na mabaki na maficho hapakai patupu. Ukiwaondoa hawa, wengine wasiohasiwa huingia, na panya hupata nafasi katikati. Sumu nayo haichagui: huua kuku na mbwa wa jirani, na mtoto anaweza kuiokota. Paka aliyetupwa ugenini ama hufa kwa njaa na kupigwa na wenyeji, ama hugongwa na gari akijaribu kurudi. Tena kumtesa mnyama ni kosa la jinai, Kenya chini ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na Tanzania Bara chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Mitaa ya Waislamu ina swali jingine: je, kuhasi kunajuzu? Wanazuoni wamekhitilafiana, na wako wengi wa zama hizi wanaoruhusu pakiwa na maslahi na mnyama hadhuriki. Muulize imamu wa msikiti wako mapema, kabla mtego haujafika. Kumpenda paka hahitaji kufundishwa mtu aliyesoma habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyemwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu anywe. Neno moja la imamu baada ya sala litakupatia vijana wa kubeba vizimba ambao tangazo la ukutani lisingewaleta.

Lisha kwa saa, si kwa kutupa

Chagua sehemu moja isiyo mlangoni mwa mtu, na saa moja isiyobadilika. Weka chakula, subiri nusu saa, kisha ondoa kilichobaki na ufagie. Chakula cha kulala nje hulisha panya, kunguru na nzi, na ndicho kinachowapa majirani hoja. Maji lakini yakae muda wote, kivulini, katika chombo kizito kisichopinduka. Kifuu cha nazi kikitegemezwa kwa mawe kinatosha.

Ugali au wali mtupu haumtoshi paka. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kilichomo hasa katika nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu huharibika macho na moyo. Dagaa au vichwa vya samaki vilivyochemshwa bila chumvi, vikichanganywa na ugali kidogo, vinafaa. Mwaga na supu yake juu, kwa kuwa taurini huyeyukia majini. Miiba mikubwa iliyopikwa itoe. Samaki mbichi kila siku si jambo jema, maana baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka. Mabaki ya mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu usimpe kabisa. Vyote viwili huharibu damu yake. Na maziwa ya ng'ombe, ambayo kila mtoto huamini ni chakula cha paka, huwaharisha wengi wao.

Kunasa

Kazi hii huanzia kwa daktari wa mifugo. Panga naye siku, muulize kama amezoea paka shume na kama atakubali kumdunga sindano ya usingizi akiwa bado ndani ya mtego. Asiyekubali, tafuta mwingine. Lamu kuna kliniki ya wanyama ya hisani iliyozoea kazi hii, Lamu Animal Welfare Clinic. Nairobi kuna KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama. Penginepo waulize maafisa mifugo wa kaunti au wilaya.

Mtego unaofaa ni kizimba cha waya chenye mlango unaoshuka paka akikanyaga kibao kilichoko ndani. Ukikosa wa kuazima, fundi wa kuchomea vyuma anaweza kuutengeneza. Urefu uwe kama sentimita 80, upana na kimo sentimita 30, na matundu ya waya yawe madogo asiweze kupenyeza kichwa. Mwambie aweke mlango wa pili wa kuteleza upande wa nyuma, utakaokusaidia kumhamisha bila kumgusa. Achonge ncha zote za waya, kwa sababu paka aliyenaswa hupiga uso wake ukutani.

Siku tatu nne kabla, uweke mtego pale wanapokula, mlango umefungwa kamba usishuke, na chakula ukiweke ndani. Waache waingie na kutoka mpaka wauone ni sehemu ya mtaa. Siku ya kuamkia kutega usiwalishe, wala bibi yako wa barazani asiwalishe. Maji wapate.

Tega jioni jua likishazama, au alfajiri. Tandika gazeti chini ili waya usimwumize nyayo. Chambo kiwe na harufu kali: ng'onda, papa mkavu, au samaki wa kopo. Weka punje chache mlangoni na fungu lenyewe nyuma kabisa ya kibao, vinginevyo atajinyoosha, ale, aondoke. Kisha kaa mbali lakini uone. Usiuache mtego peke yake hata kwa dakika za kwenda dukani. Watoto wataufungua, mbwa watamzingira, au siafu watakifuata chakula na kumkuta amefungwa.

Mlango ukishuka, nenda bila kukimbia na uufunike mtego wote kwa kanga kuukuu nzito. Gizani hutulia karibu papo hapo. Usiingize kidole, usifungue kumtazama, usimbembeleze. Beba kwa mikono miwili, mtego ukiwa sawa. Akinaswa jike anayenyonyesha, muulize daktari kama anaweza kumtanguliza na kumrejesha siku ileile, kwa sababu watoto wanamngoja mahali. Akinaswa aliyekwisha kukatwa sikio, mfungulie aende.

Jike lililowahi kunaswa likaponyoka hujifunza, na halitakanyaga kibao tena mwezi mzima. Kwa huyo wengine hufunga kibao, hufunga kamba ndefu mlangoni na kuuachia wenyewe kwa mkono akishaingia. Ni kazi ya subira.

Usiku huo mtego ukae chumba tulivu chenye hewa, juu ya matofali, si chini sakafuni penye sisimizi. Mkubwa asile tangu usiku wa manane. Mtoto wa miezi miwili mitatu hafungishwi muda huo wote, mfuate daktari. Mchana usiuache juani au ndani ya gari hata kidogo. Joto la Machi pwani humwua paka aliyefungiwa kwa muda mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Kwa daktari, kisha kurudi nyumbani

Omba mambo matatu kwa mara moja akiwa usingizini: ahasiwe, achanjwe kichaa cha mbwa, na akatwe ncha ya sikio, kawaida la kushoto, kama sentimita moja, kwa mstari ulionyooka. Wapo wanaochukia kukatwa huko. Mimi nalitetea jambo hilo: jeraha hupona upesi, na alama inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara, hivyo hakuna atakayemnasa na kumpasua jike lilelile mara ya pili. Ukosi hukatika na unaweza kumnyonga. Jike lishonwe kwa uzi unaoyeyuka, kwa kuwa hakuna atakayelishika tena kutoa nyuzi.

Akitoka usingizini huwa anapepesuka na mwili umepoa. Mweke ndani ya mtego uleule, kanga juu, mbali na upepo wa feni. Akishaweza kukaa na kushika kichwa, mpe maji na chakula kidogo. Dume hurudishwa baada ya saa 24 hivi, jike baada ya saa 24 hadi 48, akiwa macho kabisa na jeraha halitoi damu. Akiendelea kulala, kutapika au kutokwa damu, rudi kwa daktari.

Mwachilie palepale ulipomnasa, mapema asubuhi, mlango ukielekea upande usio na barabara. Atatoka mbio na huenda asionekane siku mbili tatu. Endelea kuweka chakula saa ileile.

Mtego uoshe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, uusuuze na kuuanika. Usitumie Dettol wala dawa nyingine za jamii hiyo. Huwadhuru paka wanapojiramba.

Ukikuta watoto

Usiwaokote mara moja. Mama amekwenda kutafuta chakula, na ukisimama hapo hatarudi. Nyunyiza unga kidogo kuwazunguka, ondoka kwa saa kadhaa, kisha urudi kutazama nyayo. Watoto wenye matumbo yaliyojaa wanaolala kimya wana mama.

Umri huonekana machoni: hufunguka kati ya siku 7 na 14. Wiki ya tatu masikio husimama na huanza kutembea wakiyumba. Wiki ya tano wanakimbia. Wenye mama waachie mama mpaka waanze kula wenyewe, lakini waguse na kuwalisha kwa mkono kila siku kuanzia wiki ya tatu au ya nne ukitaka wapate nyumba. Wakifika kilo moja daktari anaweza kuwahasi, na mama yao ahasiwe mara wanapoacha ziwa.

Aliyebaki yatima, joto kwanza. Mtoto aliyepoa hawezi kusaga chakula, na maziwa humwua. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, umweke kando yake mpaka miguu yake ipate joto. Kisha mpe maziwa maalumu ya watoto wa paka. Yakikosekana, ya mbuzi kwa dharura. Mlishe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama, kila saa mbili au tatu wiki ya kwanza, maana akilazwa chali maziwa huingia mapafuni. Baada ya kila mlo mpanguse chini kwa pamba yenye maji vuguvugu ili akojoe na kunya. Peke yake hawezi.

Kuumwa na maradhi

Jino la paka ni jembamba na hutoboa kwenda ndani, kwa hiyo kidonda kidogo huweza kuvimbisha mkono wote kesho yake. Ukiumwa au kuparuzwa na damu ikatoka, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, usipake pilipili wala mitishamba, na uende hospitali siku hiyohiyo. Waambie ni paka asiyejulikana, ili waamue juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo mara nyingi huletwa na mbwa, lakini paka huupata pia, na dalili zikishaanza kwa mtu karibu haponi kabisa. Usisubiri kuona kama paka atakufa. Paka anayetokwa mate, anayepepesuka au anayevamia watu bila sababu usimkaribie. Piga simu kwa ofisi ya mifugo.

Wajawazito huambiwa wafukuze paka. Hakuna haja. Vijidudu vya toksoplasma, vinavyohofiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni, hutoka kwenye kinyesi, na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu mwingine azoe kinyesi kila siku, mjamzito avae glavu akilima bustani, mboga zioshwe na nyama iive sawasawa.

Dawa za nyumbani zinaua. Kidonge kimoja cha Panadol kinatosha kumwua paka. Dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye permethrini humtia degedege. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kumpangusa tongotongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ikiwa anakubali. Upele, choa, minyoo na mafua mwachie daktari, na wengi wa wagonjwa hawa watibiwe siku wanapohasiwa, kwa kuwa huenda wasinaswe tena.

Baada ya hapo

Malizia kundi moja kabla ya kwenda mtaa wa pili. Kuhasi nusu yao hakusaidii sana. Wale waliobaki huziba pengo haraka. Weka daftari lenye picha, tarehe ya kuhasiwa na ya chanjo. Ukiona sikio zima pale penye sahani, ni mgeni au mtoto aliyefichwa: tega wiki hiyohiyo. Na kabla ya kusafiri kwenda Idi au Krismasi, mwachie mtu mmoja tu ratiba, sufuria na namba ya daktari. Ukiwaachia watano, kila mmoja atadhani mwenzake amelisha.